Chakula na Tabia ya Farasi: Historia Inayomhusu Mwenye Punda

Katika kipindi cha leo tutazungumza habari za farasi. Najua utasema, "Bwana Shamba leo kapotea njia. Farasi nimemwona kwenye picha tu, mimi hapa nina punda wawili na jembe la mkono." Subiri kidogo. Farasi na punda ni jamaa wa karibu sana, na kwa namna walivyoumbwa tumboni hawana tofauti kubwa. Yaliyompata farasi wa Ulaya na Marekani yanaweza kumpata punda wako aliyefungwa nyuma ya nyumba sasa hivi. Tena kuna jambo moja katika historia hii ambalo lilianzia kwenye hori la farasi likafika mpaka kwenye sufuria ya uji wa mtoto. Ndiyo maana nimeona tulizungumze.

Sisi hatukupata farasi wengi kwa sababu mbili: mbung'o wanaoleta ndorobo, na ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na vijidudu vidogo vyenye kuuma kama visubi. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wapanda farasi wa Jenerali van Deventer walitoka upande wa Arusha kwenda kuiteka Kondoa Irangi. Kondoa waliipata, lakini farasi wao walikufa kwa wingi njiani na baadaye. Basi kazi ya kubeba maji, magunia na kuni ikabaki kwa punda, naye ndiye farasi wetu.

Sasa tuanze mbali kidogo. Miaka karibu 2,400 iliyopita, huko Ugiriki, alikuwapo askari mmoja jina lake Xenophon, ambaye aliandika kitabu juu ya kumtunza na kumpanda farasi. Mtu huyu alikuwa mfugaji hasa. Anashauri kwamba banda lijengwe mahali ambapo mwenye farasi atamwona mnyama wake mara kwa mara, na hori litengenezwe hivi kwamba kuiba chakula cha farasi kuwe kugumu kama kuiba chakula cha bwana mwenyewe ghalani. (Kumbe hata zamani zile wachungaji walikuwa wanapunguza debe!) Halafu anaongeza jambo la maana: farasi akianza kuacha au kumwaga chakula chake, hiyo ni dalili. Huenda mwili umezidiwa, huenda amechoka anahitaji mapumziko, au huenda ameshikwa na ugonjwa wa shayiri. Wagiriki walikuwa na jina kabisa la ugonjwa wa kula shayiri kupita kiasi. Kwa maneno mengine, yule mzee alikwisha kujua kwamba ukitaka kujua habari za farasi wako, anza kutazama horini.

Kwa nini nafaka imsumbue mnyama? Ng'ombe ana matumbo manne, na chakula chake kinachachuka mbele, kisha anacheua. Farasi na punda hawacheui. Tumbo lao ni moja, tena dogo kwa mwili ule, na majani yanachachukia nyuma, katika utumbo mpana, kwa kazi ya vijidudu wasioonekana kwa macho. Mnyama huyu ameumbwa kutafunatafuna majani kutwa nzima, kidogo kidogo. Ukimmwagia nafaka nyingi kwa mara moja, tumbo dogo linashindwa kuimaliza, nafaka inasukumwa kwenda utumbo mpana, na huko inachachuka kwa haraka kama pombe iliyotiwa kimea kingi. Inatoka asidi. Mnyama anageuka geuka kutazama ubavu wake, anapiga chini kwa kwato, anauma wenzake, hataki kuguswa. Mara nyingine sumu zile zinafika kwenye kwato, zinavimba kwa ndani, na mnyama anasimama ameegemea nyuma hataki kupiga hata hatua moja. Mwenyewe anasema punda kawa mkaidi, anachukua fimbo.

Jambo hilo la fimbo lilionekana wazi sana katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani katika karne ya 19. Wakati ule kila kitu mjini kilivutwa na farasi: magari ya abiria, mikokoteni ya makaa, mapipa ya bia. Farasi wa kazi alipewa oti, maana oti ni nafaka yenye nguvu. Siku sita anafanya kazi, siku ya Jumapili anapumzika bandani. Lakini mtunzaji, kwa huruma au kwa uvivu wa kupima upya, alimpa chakula kile kile cha siku ya kazi. Jumatatu asubuhi farasi anatoka bandani ana nguvu tele, anarukaruka. Hajafika mbali, jasho linamtoka, miguu ya nyuma inakuwa migumu kama ubao, anasimama katikati ya barabara. Akipigwa haendi. Akikojoa, mkojo unatoka mweusi kama kahawa. Wengine walianguka wasiinuke tena.

Watu wakauita ugonjwa wa Jumatatu asubuhi. Maelezo waliyoyapata wataalamu ni haya: nguvu ya nafaka isipotumika inawekwa akiba katika misuli, na mnyama mwenye akiba hiyo akianza kazi ghafla baada ya kulala tu, misuli inaharibika, na rangi ya misuli iliyoharibika ndiyo inayotokea kwenye mkojo. Watunzaji wenye busara walikuwa wamekwisha kupata dawa kabla hata ya maelezo hayo. Jumamosi jioni walimpunguzia farasi oti, wakampa pumba zilizoloweshwa na majani makavu, na Jumapili walimtoa nje akatembee kidogo. Hapakuwa na cha dukani. Mizani tu ya chakula na kazi.

Watu wengi hunijibu kwamba punda wao hawapati oti wala Jumapili. Sawa. Punda wetu wengi taabu yao ni njaa, wala siyo shibe. Lakini sehemu inayofuata inawahusu moja kwa moja, kwa sababu inahusu mahindi.

Wakulima wa Marekani ya kati, kule kwenye mashamba makubwa ya mahindi, walikuwa na desturi ambayo hata wewe unaijua. Baada ya kuvuna, farasi waliachiwa shambani wajilie mabua na magunzi yaliyobaki. Na mahindi yaliyoharibika, yale ambayo mtu mwenyewe hawezi kuyala, yakatupwa horini. Tangu miaka ya 1850 na kuendelea, wakaanza kuona jambo la kutisha. Farasi mzima, mnene, mpole siku zote, anaacha kula. Midomo inalegea, ulimi unaning'inia, anashindwa kumeza. Kisha anakuwa kama kipofu, anagonga milango. Anazunguka mahali pamoja saa nzima, au anasukuma kichwa chake ukutani kana kwamba anataka kuupenya. Wengine wanapandwa na wazimu, wanakimbia na kujirusha mpaka wanaumia. Baada ya siku moja, mbili au tatu wanakufa. Ukipasua kichwa, unakuta ndani ya ubongo, katika ile sehemu nyeupe, pameoza pakawa laini kama uji.

Hebu jiweke mahali pa mkulima yule. Farasi ndiye trekta yake. Amekufa kwa wazimu wakati zizi la jirani ni zima. Utafikiri nini? Waliwaza sumu, waliwaza majani mabaya, waliwaza ugonjwa wa kuambukiza. Hata mahindi waliyawaza, lakini wengi walikataa, maana wengine wamewalisha farasi wao mahindi ya ukungu miaka mingi pasipo neno.

Mwaka 1902 daktari wa mifugo aitwaye Tait Butler alichapisha habari za jaribio lake. Alichukua mahindi yenye ukungu akamlisha farasi mzima, na farasi yule akapatwa na ugonjwa uleule wa ubongo. Miaka miwili baadaye, 1904, huko Nebraska, mtaalamu mwingine, Sheldon, alitazama ukungu unaoota kwenye mahindi yaliyotuhumiwa kuwadhuru mifugo, akaupa jina la Fusarium moniliforme. Kwa hiyo mshitakiwa alikwisha kutajwa jina mapema kabisa. Lakini kutajwa jina si kuhukumiwa. Majaribio mengine ya kulisha mahindi ya ukungu yalileta ugonjwa, mengine hayakuleta kitu, na watu wakabaki wanabishana.

Ubishi ukazidi katika miaka ya 1930, maana maradhi mawili yalitokea pamoja. Mwaka 1931 Karl Meyer na wenzake wa California walitangaza kwamba wamepata kirusi katika ubongo wa farasi waliokufa kwa wazimu. Ilikuwa kweli, kirusi kipo na kinaenezwa na mbu. Ikafika mahali kila farasi anayezunguka mti akahesabiwa kuwa ana kirusi. Kumbe mwaka 1934 na 1935, katika mkoa wa Illinois, farasi wengi sana walikufa kwa ugonjwa uleule wa mahindi. Waliotofautisha maradhi haya hawakuanza na darubini. Walitazama kalenda. Ugonjwa wa kirusi ulikuja wakati wa joto, mbu wakiwa wengi, ukakoma baridi ilipoingia. Huu mwingine ulianza baada ya mavuno, ukaendelea wakati wa baridi ambapo hakuna mbu hata mmoja, na uliwaandama farasi walioachiwa mashamba yaliyovunwa. Mimi naona hapo ndipo palipo na akili kubwa katika habari yote hii, kuuliza mnyama alikula nini, tangu lini, na majira gani.

Haya, kutoka hapo historia inahamia Afrika, tena kwa punda. Huko Misri punda walikuwa wakifa kwa ugonjwa huu baada ya kula mahindi yaliyooza. Mwaka 1971 wataalamu wawili, Wilson na Maronpot, walichukua ukungu uliotoka katika mahindi ya Misri, wakauotesha peke yake kwenye mahindi safi, wakawalisha punda. Punda wakaugua ugonjwa uleule. Hapo ubishi juu ya ukungu ukaisha. Mshitakiwa alikuwa yuleyule aliyepewa jina Nebraska mwaka 1904. Siku hizi wataalamu wamembadilisha jina, wanamwita Fusarium verticillioides.

Likabaki swali la sumu yenyewe. Ilichukua miaka mingine 17. Mwaka 1988, huko Tygerberg, Afrika ya Kusini, Gelderblom, Marasas na wenzao waliipata sumu ndani ya ukungu huo, wakaiita fumonisini, kutokana na jina la zamani la ukungu. Mwaka uleule walimpiga farasi mmoja sindano za sumu hiyo, saba kwa jumla. Siku ya 8 akaanza kuonyesha dalili za ubongo, na siku ya 10 wakamuua ili wampasue. Wakakuta ule uharibifu uleule waliokuwa wakiuona wakulima wa Marekani.

Sumu hii inafanyaje kazi? Chembe za mwili zina mafuta ya aina maalumu yanayojenga ngozi yake, na ubongo una mafuta hayo kwa wingi. Fumonisini inazuia yasitengenezwe vizuri. Kila mnyama anaumia kwa namna yake: nguruwe mapafu yanajaa maji, lakini farasi na punda ni ubongo. Na kati ya mifugo wote, jamii ya farasi ndiyo dhaifu kuliko wote mbele ya sumu hii. Baada ya mavuno ya mwaka 1989 huko Marekani, farasi na nguruwe wengi walikufa tena, na mwaka 2001 serikali yao ikatoa vipimo. Mahindi ya farasi yasizidi miligramu 5 za sumu katika kila kilo, tena mahindi hayo yasipite sehemu moja ya tano ya chakula chote. Ng'ombe wa nyama anaruhusiwa mpaka 60. Tazama tofauti hiyo! Ndiyo maana unaweza kutupa gunia la mahindi mabovu zizini, ng'ombe asionyeshe neno, na punda akafa.

Na hafi siku ile ile. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kwa kawaida dalili zinatokea baada ya kula mahindi hayo kwa wiki kadhaa. Gunia limekwisha kuliwa, limesahauliwa, ndipo punda anaanza kuzunguka. Basi atatafutwa jirani mwenye jicho baya.

Sasa tuseme juu ya hiyo sufuria ya uji. Mahindi ni chakula chetu kuliko kitu kingine, na ukungu huu hauchagui shamba la mtu. Watafiti waliwapima watoto wachanga 215 wa Rombo, mkoani Kilimanjaro, waliokuwa wakila uji wa mahindi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Watoto waliokula sumu hii kupita kiwango kinachokubaliwa, walipofika mwaka mmoja walikuwa wafupi kwa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao. Hao hawakuzunguka wala kugonga kichwa ukutani. Walidumaa kimya kimya. Kiwango cha mahindi ya kula katika nchi za Afrika Mashariki ni miligramu 2 katika kilo, na huwezi kukipima kwa macho.

Usichanganye sumu hii na ile nyingine, aflatoksini, inayotokana na ukungu wa kijani au njano. Hiyo ndiyo iliyowaua watu 125 kati ya wagonjwa 317 huko Kenya mwaka 2004. Zote tunaziita sumukuvu, na mara nyingi zinakaa gunia moja, lakini tabia zake ni tofauti. Aflatoksini inazidi sana ghalani, mahindi yakiwekwa yangali na unyevu. Ukungu wa fumonisini huanzia shambani, muhindi ukiwa bado juu ya bua, hasa palipotobolewa na funza wa mabua au mimea ilipopigwa na ukame. Mara nyingi utaona weupe wenye kuelekea rangi ya waridi kati ya punje. Kwa hiyo kukausha vizuri ni lazima, lakini kukausha hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia. Kupika hakuondoi. Kupikia pombe hakuondoi, na wale wanaosema eti mahindi mabovu ni ya kangara wanajiwekea sumu kwenye kibuyu.

Kinachosaidia ni mikono na macho. Chambua mihindi kabla ya kupukuchua, weka kando yote yenye ukungu na yaliyotobolewa na funza. Pukuchua, pepeta, toa punje zilizovunjika na vumbi lote, maana sumu hukaa zaidi katika chenga hizo na katika ganda la punje. Kukoboa nako kunapunguza. Lakini sasa angalia tunachofanya baada ya hapo: chenga na pumba tunampa nani? Tunampa punda! Yaani tunakusanya sehemu yenye sumu nyingi zaidi, tunaipeleka kwa mnyama asiyeweza kuistahimili. Mkulima wa Illinois alifanya hivyohivyo.

Punda chakula chake ni majani, majani makavu, na mabua safi yasiyo na ukungu. Akifanya kazi nzito, mwongezee kidogo nafaka nzuri, ile ambayo wewe mwenyewe ungesaga, tena kwa mafungu madogo, siyo debe zima jioni. Siku asipofanya kazi, punguza nafaka, ongeza majani. Ukimwachia shamba lililovunwa, pita kwanza uokote mihindi mibovu iliyoanguka. Hiyo uliyochambua usiiuze, usimpe nguruwe, wala ng'ombe wa maziwa, maana aflatoksini ikiwamo hupita mpaka kwenye maziwa. Chimba shimo uifukie.

Na kama punda wako amekwisha kubadilika, amelegea midomo, haoni, anazunguka, au anauma bila sababu, usimtie mkono kinywani kutafuta kilichomkwama. Kichaa cha mbwa nacho kinaanza hivyo hivyo, nacho kinaua watu. Mtenge, wazuie watoto, mwite Bwana Mifugo. Wakati unamngoja, nenda ghalani ukachukue kiasi cha mahindi au pumba alizokuwa akila kwa wiki zilizopita, uzitie katika mfuko wa karatasi uliokauka, uandike tarehe uliyoanza kumlisha. Ugonjwa wa ukungu hauna dawa, na huyo mmoja huenda asipone. Lakini ukimwonyesha mtaalamu mfuko huo, ataweza kukuambia kama punda wa pili, na watoto walio ndani, wasiendelee kula gunia lile.